Jiwe la Mama Kija

Mimi ni fundi mitambo, jina langu Nurdin, na kwa miaka kumi na tisa nimeganga njaa katika kiwanda cha kuchambua pamba mbele kidogo ya Buhongwa, ukielekea Shinyanga. Nimeona mkanda wa mashine ukikatika na kumchapa mtu uso mzima. Nimeona robota likimwangukia kuli mguuni. Nilidhani hakuna tena cha kunishtua pale ndani. Nilijidanganya. Mwanamke mmoja mkulima kutoka upande wa Magu, kimo chake hakinifiki hata begani, alinishtua msimu uliopita kiasi kwamba mpaka leo nikisikia mashine ikikohoa jasho linanitoka.

Jina lake Kija. Nilimjua kama mama yake Machibya tu, rafiki yangu wa kazini, yule mama ambaye kila Machibya akitoka likizo alimfungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa na kumwambia, "Mpelekee na yule Mwislamu wako wa Mkuyuni." Kumbe nilikuwa simjui hata kidogo.

Ngoja nianze na moto.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa saba, ghala limejaa pamba mpaka kwenye kenchi. Kwa asiyejua kazi yetu: pamba inayotoka shambani ina mbegu ndani yake. Mashine zetu zina misumeno ya duara, mingi, imepangwa kwenye nondo moja, nayo inanyofoa nyuzi kutoka kwenye mbegu. Nyuzi zinavutwa na upepo kwenye bomba hadi chumba cha pili, zinashindiliwa kuwa marobota. Mbegu zinakwenda kukamuliwa mafuta, yale yale mnayokaangia sangara, na mashudu wanakula ng'ombe. Hakipotei kitu.

Machibya alikuwa kwenye mashine namba mbili. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nimeshika spana, namkaripia msaidizi wangu Otuoma kwa sababu ya grisi. Nikasikia kishindo kimoja, kah! kama mtu amepiga reli kwa nyundo. Halafu cheche.

Watu wanadhani pamba inawaka kama nguo. Hapana. Vumbi lake ndilo linaloshika kwanza, moto unakimbia hewani, unakupita kabla hujajua uelekee wapi. Wote tulikimbia, na mimi nilikimbia, sioni haya kusema. Machibya hakukimbia. Alijua nyuzi zinazowaka zikiingia kwenye bomba zitatokea chumba cha marobota, na mle ndani alikuwamo Rose na akina mama wenzake wanane wakishona magunia. Akaingiza mikono yote miwili kwenye mdomo wa mashine. Akavuta pamba inayowaka na kuitupa chini, akavuta na kutupa, mpaka mikono yenyewe ikawa ndiyo inayowaka. Nilipozima umeme na Otuoma alipofika na mchanga, Machibya alikuwa bado anavuta. Nilisikia harufu ambayo sitaisimulia.

Mashine moja iliharibika. Kiwanda kilipona. Akina mama tisa walitoka wakikohoa, wazima.

Sasa sikilizeni maajabu. Siku ya pili yake meneja wetu, Bwana Antoni, alibandika karatasi ubaoni: moto umesababishwa na uzembe wa mfanyakazi. Katika suruali ya Machibya walikuta pakiti ya sigara. Kikao kingekaa Jumatatu ya wiki ya pili, na akionekana na hatia atafukuzwa, atajitibu mwenyewe, na jalada litakwenda polisi. Machibya anavuta, sikatai. Lakini anavuta ng'ambo ya barabara, kwa muuza chai, na akirudi ananawa. Mtu kaokoa kiwanda kwa mikono yake, leo mnamfukuza akiwa hana hata kidole cha kushikia kalamu ya kutia sahihi!

"Ushahidi," Antoni aliniambia, wala hakunitazama. "Niletee ushahidi kwamba si sigara. Wenye kiwanda na watu wa bima hawataki maneno."

Mama Kija alifika hospitali ya Bugando, alikolazwa Machibya, siku ile ile, na furushi kichwani na viatu mkononi. Nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, kisha akanishika mkono na kuukagua mbele na nyuma, kama anahakikisha kwamba mimi wangu ni mzima.

"Nurdin, mwanangu amefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Nani kamfanyia hivi?"

Siku zilizofuata nilikuwa nakwenda pale kila nikitoka kazini, tunakaa benchi moja tukisubiri saa ya kuona wagonjwa, naye ananisimulia. Si kwamba nilimuuliza. Nadhani alikuwa anazungumza ili asilie.

Alizaliwa kwenye kilima, anasema, mahali ambapo ukisimama juu ya mawe unaliona Ziwa Victoria lote limelala bluu. Juu kule udongo ni wa kichanga, wanapanda mihogo na karanga. Ukishuka unakuta mbuga, udongo mweusi, mvua ikinyesha unang'ang'ania jembe hadi ulie. Huko chini ndiko pamba inapokaa. "Ziwa liko pale," aliniambia, "unaliona kwa macho, na pamba yako inakufa kwa kiu. Mwaka ule wa njaa nilikaa juu ya jiwe nikalitukana ziwa. Watu walidhani nimechanganyikiwa."

Baba yake alikuwa mtu wa ushirika. Enzi hizo, Kija bado anabebwa mgongoni, wakulima wa pamba walikuwa na chama chao, na chama kikawa na viwanda vyake na malori yake, na mzee alitembea kifua mbele kama kila lori ni lake. Halafu ikaja ile operesheni ya vijiji. Kija alikuwa na miaka kumi na mitano. Walihamishwa kilimani, nyumba ikaezuliwa paa, wakapelekwa kando ya barabara walikopangiwa. Mama yake alibeba kichwani kitu kimoja tu, mawe ya kusagia, la chini na la juu, akayatembeza nusu ya siku. Vyungu aliviacha. Akasema chungu atafinyanga kingine, lakini mawe yale yalikuwa ya bibi yake.

Baadaye vyama vikavunjwa, vikarudishwa, vikafilisika. Wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake na mzani wake. Viwanda vya nguo mjini vilikuwa vikinguruma mchana na usiku, kisha kimoja baada ya kingine vikanyamaza. Kija aliolewa, akazaa sita, akazika wawili na mume. Wote wanne waliobaki walisomeshwa kwa pamba. Machibya ndiye wa mwisho, na alipopata kazi kiwandani mama aliita majirani wakanywa togwa siku nzima.

"Mama," nilimuuliza siku moja, "kiwandani kwetu umewahi kuingia?"

"Kufanya nini?"

"Wewe si unalima pamba tangu utotoni? Hujui inafanywaje?"

"Inapanda lori," alisema. "Ikishapanda lori imekwisha."

Nilimtazama nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Miaka hamsini na zaidi mwanamke huyu amepanda, amepalilia, amepulizia dawa, amechuma hadi ncha za vidole zikawa kama pembe, na hajui misumeno ni nini! Alidhani pamba inaingia upande mmoja na kanga inatokea upande wa pili. Kutoka kwake hadi kwetu, kwa barabara ile ya mchepuko ya Kisesa na Usagara, si mwendo wa kumfanya mtu ashikwe na njaa.

Nilianza kumcheka. Akanikata kauli.

"Na wewe umewahi kuichuma?"

"Mimi? Mimi mtu wa mjini."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akapiga makofi kwa mshangao, akamgeukia mama mwingine kwenye benchi. "Umemsikia huyu? Miaka kumi na tisa anakula pamba, hajawahi kuichuma!" Wakacheka wote wawili.

Alhamisi nilipewa kazi ya kuifungua mashine namba mbili. Niliifungua kwa hasira, nati moja baada ya nyingine, sikumruhusu mtu anisaidie isipokuwa Otuoma. Misumeno saba ilikuwa imepinda. Na chini yake, katikati ya masizi, nikakuta jiwe.

Halikuwa kokoto. Lilikuwa la ukubwa wa ngumi yangu, jeusi, upande mmoja umevunjika vibaya na upande wa pili laini kama sabuni iliyotumika. Nililifuta masizi nikaligeuza. Hapo ndipo cheche zilipotoka. Sigara gani? Jiwe limeingia na pamba kutoka shambani, limekutana na msumeno, basi.

Kwamba wakulima wanatia vitu kwenye pamba, sisi wa kiwandani tunajua, na tunawatukana kila siku. Mchanga tunaukuta, maji tunayakuta, pamba imelowa hadi imeota ukungu. Wanataka uzito. Lakini jiwe la ngumi ni kitu kingine. Nilimlaani mwenye nalo kwa maneno ambayo marehemu mama yangu angenipaka pilipili mdomoni.

Nikalipeleka kwa Antoni. Alilipimapima mkononi, akalirudisha.

"Limetoka kwa nani?"

"Kutoka shambani."

"Shamba la nani? Pamba ile ilitoka vyama vitatu, imemwagwa pamoja. Wewe ni rafiki yake. Jiwe unaweza kuliokota hata nje ya choo cha kiwanda. Nani atakiri ni lake?"

Nilitoka ofisini. Nikalifunga jiwe kwenye gazeti nikaenda Bugando moja kwa moja.

Machibya alikuwa ameegemezwa mto, mikono imenyooshwa mbele yake kama si yake. Mama Kija alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Nikawaambia: si sigara, ni jiwe, mtu ametia jiwe kwenye pamba yake. Machibya alifumba macho akapumua kwa mara ya kwanza tangu aungue.

Mama Kija aliweka kijiko. Akasimama. Kanda hii yote ya ziwa, awe Msukuma, Mjaluo au Mjita, laana ya mama haichezewi. Ikishatamkwa haina pa kurudi. Nilimwona anakusanya pumzi, nikataka kumzuia, nikachelewa.

"Aliyetia jiwe hilo," alisema, "aliyemwunguza mwanangu, mikono yake ikauke. Ikauke kama kuni. Asishike tena jembe, asishike mtoto."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifunika shuka.

"Nipe nilione," akasema.

Nikafungua gazeti.

Hakulishika kwanza. Aliliangalia tu. Kisha akanyoosha kidole akapapasa ule upande laini, taratibu, akaligeuza, akapapasa mahali palipovunjika. Nikaona midomo yake inacheza bila sauti. Halafu akakaa sakafuni, si kwenye kiti, sakafuni kabisa, akainua mikono yake miwili mbele ya uso akaitazama.

"Mayu?" Machibya aliita. Mayu ni mama kwa Kisukuma. "Mayu, nini?"

"Ni langu," alisema.

Akatueleza akiwa pale pale chini. Ni jiwe la juu la kusagia, lile lile lililotembezwa kichwani kwa mama yake wakati wa operesheni. Mwaka jana lilimponyoka likapasuka vipande viwili. Kimoja alikiweka jikoni anapondea chumvi. Cha pili alikificha katikati ya furushi la pamba siku ya kupeleka chamani.

"Mama!" nilipaza sauti, na hasira zangu zote zikarudi, sikujali ni mtu mzima. "Mama Kija! Na mwanao yuko kiwandani!"

"Sikujua linakwenda kwake," alisema. "Nilijua linakwenda kwenye mzani. Mwanangu, mimi sikuwa najua kama baada ya mzani kuna mtu."

Machibya alikuwa analia bila kuweza kujifuta. "Nyamaza, mayu. Nurdin, nakuomba, kalitupe ziwani. Hakuna anayejua. Mimi nitafukuzwa, basi, nitarudi nyumbani. Wakimkamata mama yangu nitafanyaje?"

"Nawe utarudi nyumbani ulime kwa mikono gani?" mama akamjibu. "Kwa bandeji?"

Walibishana kwa Kisukuma, mimi nimesimama katikati na lile jiwe kama mjinga. Mwisho nikamuuliza kwa nini, kwa nini mtu anayeheshimika kama yeye afanye hivyo. Alinijibu bila kupandisha sauti, na jibu lake ndilo lililoninyima usingizi.

"Mzani ulianza," alisema. "Nikiwa bibi arusi nilipima furushi nyumbani kwa mzani wa misheni. Nikalipeleka kwa karani, likawa jepesi. Nikadhani nimekosea. Msimu wa pili likawa jepesi. Kila mtu lake likawa jepesi. Tukamwendea mwenyekiti, mwenyekiti akasema mzani ni wa serikali. Basi mama mkwe wangu akanifundisha: tia kitu, ili uzito wako urudi. Si kuiba. Kurudisha. Mpaka mizani hii ya siku hizi ya namba za kuwaka imekuja, mkono umeshazoea."

Ngoja niseme kuhusu babu yangu.

Sisi ni watu wa Mkuyuni mjini, wa kofia na kanzu, mchanganyiko wa Mmanyema na Mwarabu na sijui nani. Hatulimi. Babu yangu, mzee Yunus, alikuwa karani wa kununua pamba, kwanza wa chama, baadaye wa mnunuzi binafsi, na alizunguka vituo vyote kuanzia Kisesa kwenda mbele. Enzi zake mzani ulikuwa wa kuning'inia. Furushi linatundikwa kwenye ndoana, mshale unazunguka, karani anasoma. Na babu, anaposogea kusoma, alikuwa anaweka goti chini ya furushi. Kidogo tu. Analinyanyua kwa goti, mshale unarudi nyuma, mkulima anatazama mshale, hatazami goti.

Sikulisikia hili kwa maadui zake. Alikuwa anatusimulia mwenyewe, sikukuu za Idi, tumeshiba pilau, na anasimama kutuonyesha, na sisi tunacheka hadi machozi. "Goti hili ndilo lililojenga nyumba hii," alikuwa anasema, akilipigapiga. Mpaka anazikwa tulilisimulia goti la babu kama mzaha wa ukoo. Ninaishi katika nyumba hiyo. Nimezaliwa humo na wanangu wamezaliwa humo, na sikuwahi, hata siku moja, Mungu shahidi wangu, kufikiri kwamba juu ya lile goti kulikuwa na pamba ya mtu.

Pale wodini sikusema kitu. Niliona aibu, nikaogopa.

Mama Kija aliondoka kesho yake kwenda kwao. Hakuaga. Machibya alidhani amekimbia, na nadhani moyoni alifurahi.

Jumatatu kikao kilikaa ndani ya ghala, kwa sababu ofisi isingetutosha. Antoni mbele na karani wake, mgeni mmoja kutoka bima, sisi wafanyakazi tumekaa juu ya marobota. Antoni alikuwa ameshaanza kusoma karatasi yake, mlinzi akamkatiza: kuna mama mmoja nje, hataki kuondoka.

Aliingia amevaa kitenge kipya na viatu miguuni. Kwanza alisimama mlangoni akatazama juu, akatazama mashine, akatazama mlima wa pamba hadi kwenye bati. Nilimwona uso wake. Alikuwa kama mtu anayeonyeshwa mahali mtoto wake alikuwa analala miaka yote.

"Shikamoo mama," Antoni alisema, maana hata meneja ana adabu zake.

"Marahaba. Mimi ni mama yake Machibya. Jiwe ni langu."

Minong'ono ikazagaa. Mtu wa bima akatabasamu, lile tabasamu la kumhurumia mtu. Antoni akasema kwa upole kwamba anamwelewa, mzazi anaweza kusema lolote kumwokoa mwanawe.

Mama Kija hakubishana. Alifungua fundo la kitenge akatoa kipande cha jiwe jeusi chenye chumvi chumvi. Akaniomba kile cha kwangu. Nilikuwa nimekileta, sijui hata kwa nini. Akavibandika mbele ya macho ya meneja, palipovunjika kwa palipovunjika. Vikaingiana pasipite hata unywele. Akamkabidhi ashike mwenyewe.

Antoni alivitenganisha, akaviunganisha, akavitenganisha tena. Mtu wa bima alisimama kuja kutazama.

"Mama," Antoni alisema hatimaye, "unajua unachokisema? Naweza kukuitia polisi sasa hivi."

"Waite. Lakini futa kwanza hilo la sigara, niko hapa nakuona."

Akalifuta. Nasema kweli, alichukua kalamu akachora mstari, akaandika juu yake: jiwe katika pamba. Machibya atatibiwa na atarudi kazini akipona. Rose alipiga kigelegele kimoja akakikatiza katikati, kwa sababu mama yule alikuwa bado amesimama na hakuna aliyejua afanywe nini.

Yeye mwenyewe hakuonekana kusikia habari njema. Alikuwa anatutazama sisi, mmoja mmoja.

"Wewe," alimwambia Otuoma, "unatoka wapi?"

"Rorya, mama."

"Mama yako analima pamba?"

"Analima."

"Anatia nini?"

Otuoma alitazama mashine namba mbili. "Mchanga," alisema. "Kidogo."

"Na wewe binti?"

"Maswa," Rose alisema, na machozi yalikuwa yameshaanza. "Sisi tunatia chumvi na maji. Mimi mwenyewe nilikuwa natia, kabla sijaja mjini."

Akaendelea. Kwimba, mchanga. Misungwi, maji. Bariadi, mbegu za zamani na kokoto. Hakuna aliyedanganya, sijui kwa nini hatukudanganya. Miaka yote tulikuwa tumekaa ndani ya ghala lile tukiwatukana wakulima, kumbe tulikuwa tunawatukana mama zetu, na kila asubuhi tunawasha mashine tukisubiri mama wa nani atatuunguza. Akafika kwa Antoni. Nilidhani atamfokea. Meneja wetu aliinamisha kichwa kama mtoto wa shule.

"Bunda," alisema. "Maji. Mama alikuwa ananiamsha alfajiri nimsaidie kumwagia."

Kisha akanifikia mimi. Alinitazama kwa upole, maana tulikuwa tumekaa benchi moja.

"Wewe nakujua. Wewe mtu wa mjini, kwenu hamjatia kitu."

Ningeweza kunyamaza. Hapakuwa na jiwe lolote la kunishtaki.

"Babu yangu alikuwa karani wa mzani, mama," nilisema. "Alinunua huko kwenu. Kisesa na kuendelea mbele."

"Jina lake?"

"Yunus."

Uso wake ulikunjuka, ukawa uso wa msichana. "Yunus! Yule wa kofia nyeupe? Aliyekuwa anatuamkia 'mwangaluka' kama Msukuma? Yule hakuwa kama wenzake. Yule alikuwa mtu mwema! Kila msimu nilikuwa namfungia karanga za kuwapelekea wajukuu."

Zilikuwa zinafika. Tulikuwa tunazigombania sebuleni, kavu, tamu, zina mchanga kidogo kwenye maganda.

Nikashuka kwenye robota, nikasimama mbele yake, mbele ya watu wote, nikainua mikono kama nimeshika furushi linaloning'inia. Kisha nikasogea kama mtu anayesoma mshale, nikakunja mguu wa kulia nikaweka goti chini yake. Kidogo tu. Kama babu alivyotuonyesha.

Mama Kija hakuelewa mara moja. Alitazama mikono yangu iliyoshika hewa, akatazama mahali ambapo mshale ungekuwa. Halafu macho yake yakashuka, polepole, yakatua kwenye goti langu, yakabaki hapo. Mguu ulianza kuniuma na sikuthubutu kuushusha.

"Kumbe," alisema, "kilo zangu zilikuwa zinakaa hapo."